Barafu Ikirudi, Ziwa Litashuka

Albertville (wenyewe tunasema Kalemie), Jumatatu, tarehe 11 Machi 1963

Nimepata kazi ya elimu. Niko likizoni kutoka ukarani wa bohari ya reli, na kule misioni amefika Mbelgiji mmoja, Bwana Lambert, anayevuta matope chini ya ziwa kwa bomba refu. Alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika majina kwenye mikebe ya hayo matope. Mtaani ni nani kama mimi? Hakuna. Constance, mke wangu, ameuliza kama matope hayo yanaliwa.

Jioni nilipita kwa jirani Anatole ili ajue. Anaendesha winchi bandarini na kujiona mkubwa, kisa kiwanja chake kiko mbele ya changu, ukingoni mwa ziwa. Sheria ya ufukwe wetu ni moja: mchanga ulio kati ya ua wako na maji ni wako. Maji yakirudi nyuma, umeongezewa. Wavuvi wakitua hapo, kikapu cha kwanza cha ndagala, wale dagaa wa ziwani, ni chako. Ndiyo maana kila asubuhi Constance hupiga hodi kwa Mama Bertille, mke wa Anatole, kuomba mahali pa kuanika ndagala wake. Kuomba! Mke wa karani! Inaniuma sana.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Ajabu. Bwana Lambert alipasua bomba. Matope yana mistari kama kitenge: mweusi, mweupe, mweusi. Akanieleza. Hapo kale dunia ilishikwa na baridi. Ulaya ikafunikwa na barafu, huku kwetu mvua ikawa haba, ziwa likawa chini kabisa. Kisha joto likaja, mvua zikaja, ziwa likapanda. Ungedhani baridi imekwisha. Wapi! Ikarudi ghafla, mvua zikakatika, maji yakashuka tena. Mtu alizaliwa katika dunia moja akazeekea katika nyingine.

Nikamwuliza kama inaweza kurudi. Akasema hakuna ajuaye, akaanza hadithi ndefu ya miaka. Sikungoja. Mwaka wa pili huu ziwa letu linapanda tu. Zamu ya kushuka imefika, hata mtoto ataona. Likishuka, mchanga wa mbele utakuwa mpana kama uwanja wa mpira. Na mwenye mbele ni nani? Anatole! Lazima nipate kiwanja chake kabla hajashtuka.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nimemwendea Anatole kwa akili. Nikampa pole kwa jiko lake lililolowa maji ya ziwa. Nikasema mimi mwenzako nimechoka kukaa nyuma, napenda upepo wa ziwa, tubadilishane viwanja pamoja na nyumba zilizomo. Akasema atafikiri, lakini atafikiri vizuri zaidi nikiongeza baiskeli. Bwege! Baiskeli ni nini mbele ya ufukwe?

Constance amekataa. Nyumba yetu ni ya matofali, na matofali aliyafinyanga yeye, mwaka ule nilipopelekwa kazini Kabalo. Nikamweleza barafu, mistari, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya unga.

“Papa Urbain,” akasema, “maji haikusoma matope ya ule muzungu.”

Mwanamke mwema. Shule tu ndiyo haikumfikia.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Barafu! Saa tisa mchana, mvua ya mawe! Jiwe moja limenipiga utosini, nikafurahi kuliko siku ya ndoa. Nikajaza kikombe, nikakimbia nacho hadi misioni kumwonyesha Bwana Lambert ushahidi. Njiani yaliyeyuka. Akatazama maji kikombeni, akanishukuru, akayanywa.

Sikuvunjika moyo. Nilirudi kwa Anatole mbio, nikasema baiskeli na pampu yake. Akakubali. Kumbe hata hakuuliza mawe yale yana maana gani. Watu wengine wanaishi tu.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Tumehama. Mzee wa mtaa alishuhudia, pombe ikanywewa, kila mmoja wetu akashika udongo wa kiwanja chake kipya. Constance alibeba vyombo. Nilidhani atalia, hakulia. Ingekuwa afadhali.

Nyumba ya Anatole ni ya udongo na ina unyevu kidogo. Nimesimika miti minne majini kuonyesha mipaka ya mchanga utakaokuja. Mama Bertille alipita akauliza navua nini. Nilikuwa nimevaa koti la sufu, kujizoeza baridi. Nilitokwa na jasho, lakini msimamo ni msimamo.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Maji yako mlangoni. Nimemweleza Constance kwamba ziwa linavuta pumzi kabla ya kushuka. Yeye ameinua kitanda juu ya mawe na kutundika unga darini. Ile miti minne siioni tena.

Bado niko imara. Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya vyura.

Jumapili, tarehe 14 Aprili. Pasaka

Ukuta wa upande wa ziwa umeanguka tukiwa misani. Tulirudi, tukakuta sufuria zinaelea.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Wavuvi walikuja, wakakosa pa kutua kwetu, wakapita juu ya ua wangu na mitumbwi yao, wakatua mbele ya ua wa nyuma. Mbele ya nyumba yangu ya zamani! Kikapu cha kwanza wakampa Anatole. Nikaita mzee wa mtaa, nikadai haki. Akaniuliza mchanga wangu uko wapi. Nikaonyesha majini. Watu wakacheka mpaka Anatole mwenyewe akawanyamazisha. Mzee akasema sheria ni moja: anayetazamana na maji ndiye mwenye ufukwe. Basi Anatole yuko mbele tena, na hakusogea hata hatua!

Mchana nilikuwa nimesimama na godoro kichwani nilipomwona Constance na ungo wa ndagala, akipiga hodi. Mama Bertille akamkaribisha vizuri, akampa mahali pa kuanika. Constance alipotoka akasimama karibu nami.

“Ile matofali ni miye nilifinyanga,” akasema. “Leo nimepiga hodi ku mulango wayo.”

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo: niliona aibu. Nikapeleka godoro kwa shemeji yangu Godelieve, ambaye ametupatia chumba.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Bwana Lambert amefunga mikebe yake, anaondoka. Leo alinikalisha chini, akamaliza ile hadithi ya miaka. Anaposema ghafla, anahesabu miaka hamsini, pengine mia. Tena akasema matope yanaeleza ya jana tu, ya kesho hayajui. Hilo la pili lilinipita, kwa sababu kwa lile la kwanza nilikuwa nimeshaona mwanga.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi! Nilikosea upande tu. Ziwa linapanda, na likipanda, wa nyuma ndiye anayekuwa mbele. Kwa hiyo dawa ni kuwa nyuma ya wote. Juu ya kilima, kupita misioni, Edouard seremala ana kiwanja cha mawe matupu anachokidharau. Miaka hamsini? Nina thelathini na minne. Babu yangu alifika tisini.

Constance anasema tangu mvua zikome maji yameshuka kidole kimoja. Kidole! Nimemwachia maneno hayo.

Kwa kubadilishana na kiwanja hicho, Edouard alitaka kitanda chetu. Nimempelekea jioni hii, kabla hajashtuka. Niliporudi, Constance alitazama pale kilipokuwa, akauliza sasa tutalala wapi. Nimemwambia: mbele ya ziwa.