Uongozi wa Kuazima

Jumanne, 11 Machi

Binamu kachaguliwa kiongozi wa darasa. Binamu! Mtu ambaye akihutubia anatazama viatu vyake! Mimi nimepata kura mbili. Moja ni yangu. Ya pili nimeitafuta mchana kutwa, nikimkazia macho kila mtu bwenini, mpaka binamu mwenyewe akaniambia ni yake. Yaani hata yeye hajiamini, na bado wamempa. Nina wivu, sifichi. Ni mtoto wa mjomba, tumelelewa nyumba moja, na tangu utotoni anayesifiwa ni yeye.

Jioni mama kapiga simu. Nikamwambia kiongozi wa darasa la mapishi safari hii katoka kwenye ukoo wetu. Hapo sikudanganya. Akauliza kama ni mimi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nikasema ndiyo. Akapiga vigelegele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Kasema Jumamosi, siku ya wazazi, atakuja kuniona nikiwakaribisha wageni. Atavaa viatu vipya.

Nimekwisha.

Alhamisi, 13 Machi

Darasa letu ndilo litakalowapikia wazazi. Binamu kamuuliza kila mtu anaweza nini, kagawa kazi, kisha yeye akachukua kuosha masufuria. Masufuria! Nilitaka kucheka, lakini wenzangu walikuwa wanamtazama kwa heshima, nikameza kicheko changu. Mimi kanipa supu ya mboga. Kasema eti hakuna anayenishinda kwa supu. Najua maana yake: nikae jikoni nisionekane.

Nimeanza mazoezi ya uongozi mbele ya kioo. Mikono nyuma, kikohozi kidogo, halafu kimya. Kikohozi kimekaa vizuri. Kimya bado.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwomba binamu aniazime uongozi kwa siku moja. Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na hoja, na machozi kidogo ya akiba. Kakubali hapo hapo! Kasema hataki shangazi aaibike. Ila supu nimkabidhi mtu mmoja, na ijulikane wazi nani anatia chumvi. Nikamwambia sihitaji somo la chumvi.

Mtu anayeachia cheo kirahisi namna hiyo hakukistahili. Hasira zimenikosesha hamu ya kula.

Jumamosi, 15 Machi

Jikoni nimeongoza kweli kweli. Asubuhi nilipiga marufuku maswali, maana maswali hupunguza heshima. Nikamwamuru Bonge, jamaa wa kitanda cha juu yangu, atie chumvi kwenye supu. Nikazunguka upande wa pili, nikamwona Miwani, mwenzetu mwingine, kasimama tu, nikamwamuru naye atie chumvi. Kisha, kwa kuwa kiongozi huonyesha mfano, nikatia mwenyewe.

Mama alikaa mstari wa mbele. Viatu vinang'aa! Nikawakaribisha wageni, nikakohoa, wakapiga makofi. Nilimwona akimgusa bega mzazi wa pembeni, akimwonyesha mwanawe. Halafu akaonja supu.

Akameza kwa adabu. Akaomba maji. Mara meza nzima inaomba maji. Mkuu wa chuo akaweka kijiko chini, akauliza kiongozi ni nani. Nilitaka kujibu, lakini miguu ilikuwa imeshanifikisha nyuma ya friji.

Binamu katoka kwenye masufuria, povu hadi viwikoni. Kasema kiongozi ni yeye, kosa ni lake, wageni watuvumilie kidogo. Kisha kapanga watu: Bonge viazi, Miwani maji ya moto, mimi karoti. Hata mimi nikajikuta namenya mbio mbio bila kubisha! Supu nyingine ikatoka. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Mama hakusimama. Alikuja jikoni taratibu, akamuuliza Bonge kazi yangu ilikuwa ipi, kisha akaniambia kwamba ningemwambia nimepewa supu, angekuja vile vile, na viatu vile vile. Akaniuliza ni lini alinidai cheo. Niliona aibu, nikaanza kumenya karoti iliyokwisha kumenywa. Kisha akamgeukia binamu, akamkunjia mikono ya shati isilowe, na wivu wangu ukarudi wote.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga simu. Kaniuliza kama nimekula, kisha akaomba kuongea na binamu. Wamecheka muda mrefu, tena kwa salio la mama.

Nimetafakari, na nimeelewa kila kitu. Watu hawakupigia makofi supu. Walimpigia binamu makofi kwa kukubali kosa. Na kosa lilikuwa la nani? Langu! Kwa haki, makofi yale ni yangu, na binamu kanipora mchana kweupe.

Wiki ijayo wanachagua kiongozi wa bweni. Safari hii sikosei. Nitasimama mbele ya wote, kichwa chini, sauti inatetemeka, nikubali kosa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, na natetemeka vizuri sana. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kulifanya hilo kosa.