Malalamiko Dhidi ya Injini Zinazowaka Mara Moja

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mpenzi wa magari na msomaji wako wa siku nyingi, ingawa leseni sina na usukani sijawahi kuushika ila wakati wa kuufuta vumbi. Ukurasa wako nilikuwa nausoma kwa sauti uani, mume wangu akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Akikubaliana nawe alitikisa kidole gumba cha mguu. Asipokubali aliniomba spana. Sasa ni marehemu, nami nausoma kimya kimya, ndiyo maana nimeanza kuwa na maoni.

Wiki iliyopita uliandika kwamba injini ikishazeeka, kuitunza ni kujitesa, na mwenye akili huliuza gari lake likawe vyuma chakavu. Mwanangu amekikata kipande hicho na kukibandika kwenye mlango wa friji. Mnunuzi wa vyuma anakuja Jumamosi kulichukua gari la baba yake. Gari hilo mume wangu alilinunua kabla hajanioa, kwa hiyo nyumbani likaitwa Bi Mkubwa, na mimi nikakubali kuwa mke mdogo. Hatukuwahi kugombana. Kwa heshima naomba uchapishe masahihisho kabla ya Jumamosi, nipate cha kubandika juu ya hicho cha mwanangu. Sababu zangu ni hizi:

1. Injini mpya hazina sauti, na wewe unazisifu kwa hilo. Bi Mkubwa alisikika tangu kona ya kiwanda cha sabuni. Hapo nilibandika maji ya chai, jirani akarudisha mpira wetu wa kumwagilia alioazima bila kuuliza, na mwanangu akafungua daftari. Mpaka gari linazimwa getini, kila mtu alikuwa mtu mwema. Gari jipya la mwanangu linaingia kama paka. Juzi alinikuta jikoni ninalia. Nikamwambia ni vitunguu, na mezani palikuwa na viazi tu. Naomba itungwe sheria: kila gari lingurume kuanzia kona, ili watu wawahi kufuta uso.

2. Injini mpya zinawaka mara moja, kwa kubonyeza kitufe. Bi Mkubwa asubuhi alikataa. Alikohoa, akazima, akakohoa tena, na hata akishawaka ilibidi apashwe moto kwanza. Muda huo wote mimi nilisimama kwenye dirisha la dereva. Dirishani hapo ndipo nilipoombwa radhi kwa maneno ya jana yake, ndipo jina la mwanangu lilipochaguliwa, na ndipo nilipoambiwa kwamba napendeza, na mtu mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Wenye vitufe sijui mambo haya wanaambiana wapi.

Fundi wetu ni mtu mzuri. Jioni moja alipita akasafisha plagi zote, na asubuhi yake Bi Mkubwa aliwaka papo hapo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilikuwa ndani natafuta leso ya mume wangu. Nilipotoka nayo, geti lilikuwa wazi na mwenyewe ameshaondoka. Moyo wake ulisimama kazini siku hiyo hiyo. Simlaumu fundi, plagi alizisafisha vizuri. Ninachoomba ni kila injini ilazimishwe kukataa angalau mara tatu. Leso ninayo.

3. Kuhusu nguvu. Uliandika kwamba modeli mpya inapanda mlima bila abiria kuhisi chochote. Sasa mlima umewekwa wa nini? Bi Mkubwa akifika kwenye mlima wa tangi la maji, mume wangu alimpigia kelele, "Haya Bi Mkubwa, usinitie aibu mbele ya mdogo wako!" na sisi sote tukainama mbele kumsaidia, pamoja na mama mkwe, hata siku ambazo alikuwa haniongeleshi. Mwanangu alikua akiamini kwamba ni sisi tuliokuwa tunalipandisha. Mpaka leo sina hakika kama alikosea.

4. Unasifu kiti chenye umeme kinachomkumbuka kila dereva. Kiti cha Bi Mkubwa kilimkumbuka mtu mmoja tu, bila umeme. Mwanangu alipokaa kulikagua gari, alikivuta mbele, maana miguu yake ni mifupi kama yangu. Nimejaribu kukirudisha. Sijui kilikuwa kwenye tundu la ngapi la reli yake.

5. Kwa hayo yote, naomba viwanda vyote duniani visimamishe kutoa modeli mpya mpaka nitakapozizoea hizi zilizopo. Najua wafanyakazi watakaa bila kazi. Waje kwangu, nitawabandikia chai, mradi waje wakisikika.

Nisalimie wapiga chapa wote, mpiga picha wa magari, na yule dada wa simu ofisini kwenu aliyeniambia, "Mama, hayo yote si uyaandike tu?" Nimeyaandika.

Ni mimi, msomaji wako,
Mke mdogo, nyumba yenye geti la kijani

Nyongeza: Haya nayaandika kwenye kaunta ya posta, kwa kalamu iliyofungwa kamba. Mwanangu ndiye aliyenileta, kwa gari lake jipya. Kwenye mlima wa tangi la maji gari halikupunguza hata mwendo. Ila ndani palikuwa kimya, na katika kimya hicho nikamsikia akinong'ona, bila mwenyewe kujua, "Haya Bi Mkubwa, usinitie aibu." Nikageuka. Alikuwa ameinama mbele, ameukamata usukani kwa mikono miwili. Kumbe na mimi nilikuwa nimeinama. Ndani ya Bi Mkubwa nisingemsikia.

Kwa hiyo tafadhali futa namba moja na namba tatu, na viwanda viendelee na kazi. Namba nne tutaitafuta leo jioni, mimi na yeye, tundu kwa tundu. Namba mbili naomba ibaki. Masahihisho si lazima tena. Mnunuzi aje Jumamosi kama alivyopanga, ila nimetaka aje asubuhi, injini ikiwa baridi, na plagi zisiguswe. Mimi nitasimama kwenye dirisha la dereva.

Siku hiyo unikumbuke.