Nimewasengenya Mababu wa Mwakio Mbele Yao

Wenzangu wa kikundi, leo nimeaibika mbele ya walio hai na mbele ya wafu. Aliyeshika chai aiweke chini kwanza, isimpalie.

Mnawajua wale wageni Wajerumani waliofikia kwa mchungaji. Helga, Jürgen na Ulrike. (Mimi jina nikilisikia mara moja halitoki. Mtaona kipaji hicho kilivyonisaidia.) Helga ni wa umri wangu, mifupa mikubwa, anacheka kama mwanamume. Jana alituonyesha picha za kijiji chao. Kadogo! Kanisa la mawe, na juu ya mnara jogoo wa chuma. Kisima ambacho hawachoti maji, wamekipanda maua. Nyumba moja imeinama upande kama mlevi, na hiyo ndiyo wanajivunia, ati ni ya zamani. Halafu jiwe lenye majina ya vijana wao waliokufa vitani.

Nikamwambia, "Wenzao walipigana na Waingereza hapo chini tu, kwenye kilima cha Salaita. Babu yangu Mwadime aliwabebea hao Waingereza mizigo mpaka mgongo ukapinda."

Helga akanishika mkono, akasema maneno marefu, marefu. Saru, mke wa mwanangu, alifanya kazi hoteli ya watalii akaokota Kijerumani huko. Akatafsiri: "Anasema pole."

(Maneno yote yale. Pole moja.)

Sasa jambo lenyewe. Mwakani kijiji hicho kina sherehe, na wanataka mzee mmoja kutoka kwetu aende akawasimulie habari za kijiji chetu. Mchungaji alikuwa na majina mawili: langu, na la Mwakio. Mwakio ni yule jirani yangu wa ng'ambo ya mto, mwenye kofia. Tumeshindana tangu tukiwa watoto. Leo mimi niwatembeze wageni, kesho yeye, halafu Helga achague. Siwafichi, hiyo safari niliitaka. Ndege naionaga ikipita juu tu. Mimi mwisho wangu Mombasa.

Nikajiambia, Mwakio atawaonyesha nini? Shamba lake la mahindi? Mimi nawapeleka pangoni.

Kwa nyinyi mliolelewa Voi mjini: zamani sisi Wadawida, mzee akishazikwa muda ukapita, kaburi lilifunguliwa, fuvu lake likapelekwa pangoni kukaa na wenzake. Kila ukoo na pango lake. Watu walienda pale kuongea na wazee wao, kuomba mvua, kushtaki majirani. Siku hizi tumeokoka, hatuendi. Lakini nyanya yangu alinipeleka nikiwa msichana, akanitajia mmoja mmoja kwa mpangilio wake. Nikayashika majina yote kichwani.

Mchungaji akaniuliza, "Mama Mghoi, njia unaikumbuka kweli?"

"Mchungaji! Mimi?"

Mwakio naye akatufuata nyuma, ati ananyoosha miguu. Akaita, "Nikuonyeshe njia?"

"Nionyeshe mgongo wako ukirudi nyumbani!"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. (Ndicho kicheko changu cha mwisho leo.)

Njia ni rahisi. Unapanda mpaka kwenye mkuyu, unageuka kulia. Nikapanda. Magoti ya Mwakio yakamshinda, akabaki huko chini. Nikauona mkuyu. Nikageuka kulia. Pango hilo hapo! Mafuvu yamepangwa, yametulia, kama wazee wanangoja kesi ianze. Jürgen akavua kofia.

Nikaanza. "Huyu Mwanyumba, ndiye aliyelima hapa wa kwanza. Huyu Nyambu, alioa wake wanne akafa akitafuta wa tano. Na huyu Maghanga. Oneni hili paji la uso, halafu oneni langu. Damu haipotei!"

Helga akaangalia fuvu. Akaniangalia mimi. Akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ningenyamaza. Lakini sikunyamaza. Nikasema nitawabariki kimila, kile tunachoita kutasa: unajaza kinywaji mdomoni, unanyunyiza, unaomba. Kimila ni pombe ya miwa. Mchungaji alikuwa ananikodolea macho, kwa hivyo nikatumia soda.

Fyuuu! Nikawanyunyizia wote, wageni na mafuvu.

"Wazee wetu, mimi ni mtoto wenu. Nipeni hii safari. Na ule ukoo wa Mwakio ufungeni mdomo! Mnawajua. Wanasogeza mipaka ya mashamba usiku. Babu yao Mwasaru, ati shujaa, alikimbizwa na nyani mpaka akaacha nguo njiani!"

Fyuuu tena.

"Mama Mghoi."

Nikageuka. Mwakio amesimama kwenye mlango wa pango, anahema, kofia mkononi.

"Huyo unayemtemea soda," akasema polepole, "ndiye Mwasaru."

Jamani.

"Mkuyu wenu ulikatwa zamani, wakachoma makaa. Huu ni wetu. Pango lenu liko kule mbele, baada ya jiwe kubwa. Na huyo mliyefanana paji la uso ni babu yangu Mwandoe." Akanikagua uso. "Kwa hivyo sasa nikuite dada?"

Mchungaji akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Nikaona Saru anafungua mdomo.

"Saru, hiyo usitafsiri!"

Akatafsiri. Hapo hakufupisha! Mpaka nyani alimwigiza kwa mikono. Helga alikaa chini kwenye mawe, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akatoa simu, akanionyesha picha nyingine. Kumbe hata kwao! Kijumba kando ya lile kanisa, mafuvu ya wazee wao yamepangwa ndani, na kila moja limeandikwa jina kwenye paji kwa rangi, na maua pembeni.

"Anauliza," Saru akasema, "mbona nyinyi hamwandiki majina?"

Nikafungua mdomo. Mwakio akaniwahi. "Mwambie sisi hatuna haja ya kuandika. Tuna Mama Mghoi."

Basi. Helga hakungoja kesho. Mwakio ndiye atakayepanda ndege. Mimi natakiwa kutoa mbuzi wa kuwatuliza wazee wake. Mchungaji alisema kanisa halitambui mbuzi wa namna hiyo, halafu akauliza atachinjwa siku gani.

Tafadhali msinicheke, mnitumie tu pole, hata moja fupi ya Kijerumani. Na siku yangu ikifika, chukueni rangi mniandike jina kwenye paji, herufi kubwa, Mwakio asije akanibeba kwao ati ni dada yake.