Kwa Wenye Kompyuta ya Bure: Mbona Hamji Kuomba?

Nyanya Nakaale,
Karibu na mto Kawalase,
Lodwar.

Kwa ndugu zangu mnaotengeneza ile roho ya kompyuta ya bure, popote mlipo,

Basi Erupe akatema tumbako, akasema hapana. Hivyo tu. Akasema huyu kijana wenu hana watu, na mimi sitoi Nabei kwa mtu hana watu. Akaamka, akachukua kiti chake cha mti, akaenda.

Magool anasema nyinyi hamjui Erupe ni nani. Haya. Erupe ni baba ya Nabei. Nabei ni yule msichana mjukuu wangu Ekal anamtaka, na yeye anamtaka Ekal. Mimi ni nyanya yake Ekal, nilimlea tangu meno ya kwanza. Magool ni mama wa Kisomali mwenye duka la fotokopi hapa Lodwar. Amekuja kwangu na kompyuta yake, amekaa kwa kivuli cha nyumba, anaandika maneno yangu, kwa sababu mimi shule niliona kwa nje tu nikipitisha mbuzi. Sasa mnajua kila mtu, tusipoteze jua.

Na nyinyi ndio mmeharibu hiyo ndoa. Nawaambia kwa heshima.

Magool amefungua mahali nyinyi wenyewe mmeandika, ukiona shida tuambie. Hapo nikasema hawa ni watu wazuri, wanataka kusikia. Mnauliza: ulifanya nini? Nilipeleka wazee kwa Erupe. Mnauliza: ulitarajia nini itokee? Ndoa. Ni nini ilitokea? Tumbako. Je, shida hii inaweza kurudia? Inaweza sana, Ekal ana ndugu zake na wao pia wameanza kushika kompyuta.

Kazi ya Ekal ni hii yenu. Anachukua kompyuta mzee yenye imekufa, anaweka hiyo kitu yenu na flash, inaamka. Ananiambia kompyuta bila hiyo ni sanduku tu, hiyo ndiyo inaambia zile vidude zingine amka, andika, onyesha picha. Iko ingine ya kununua, lakini yenu ni bure, na Ekal ametia maneno ya Kiturkana ndani yake ili mtoto wa Kaikor asome. Lodwar yote amepea. Shule amepea, padri amepea, Kakuma kwa wakimbizi amepea mpaka flash zinapinda na joto. Kijana mwenye amepea watu hivyo, kwetu hapa angekuwa hapiti njia bila kuitwa. Yeye hana hata mbuzi ya kulamba chumvi.

Sasa malalamiko. Magool anasema niweke namba, watu wa kompyuta wanapenda namba.

1. Mnapea mtu kitu halafu hamji kuomba. Mimi nimezeeka na sijaona tabia kama hii. Nikikupea mbuzi, hiyo mbuzi haijapotea. Wewe sasa ni lopae wangu, rafiki yangu wa mifugo. Jua ikichoma kwangu nakuja kwako asubuhi, nakaa mlangoni, nasema nipe. Unanitukana kidogo. Unasema huna, unasema watoto wako wale nini, unaficha ile nono nyuma ya nyumba, mimi naiona, nasema hiyo hiyo, tunacheka, naenda nayo. Mwaka ingine ni wewe uko mlangoni kwangu. Hivyo ndivyo mtu anakuwa na watu. Na kijana akitaka kuoa, anazunguka kwa wote wenye alipea, anaomba, anarudi na kundi. Erupe haangalii mifugo peke yake, anaangalia imeletwa na nani. Siku binti yake atapata shida, ni mlango gani utafunguka? Hiyo ndiyo anauliza, na simlaumu.

Nikamwambia Ekal, nenda omba. Akasema, “Nyanya, hii ni ya bure. Nikiomba nitakuwa nimeuza.” Nikamwambia kuuza ni kwa soko, kuomba ni kwa rafiki, kwani huko college walikufundisha nini? Akasema hata hao wenye kuitengeneza hawajawahi kumwomba yeye kitu. Hapo ndipo nilijua ugonjwa unatoka wapi.

Na msiseme mimi sijui bure. Naijua. Kakuma kuna chakula ya bure, lakini wale wa shirika wanakupanga laini, wanaangalia kadi, wanataka kidole yako kwa mashine. Si urafiki, lakini angalau wanajua umekula. Nyinyi hata kidole hamtaki. Sasa tuwaweke wapi? Si marafiki, si shirika. Mwenye anapea bila kuomba na bila kuuliza jina, kwetu huyo ni mvua, na mvua hatuiti kwa harusi.

2. Mmefanya watu wasahau kuombwa. Nilienda Kakuma mwenyewe na hili goti langu, nikamwombee Ekal. Nikaanza kwa Zubeyr, ako na cyber kule kambini, kompyuta zake zote Ekal ndiye aliziamsha. Mtu mzuri. Akanipea chai ya maziwa na halua, akasema, “Mama, taja bei.” Nikasema sina bei, naomba ngamia. Akasema, “Ngamia ni pesa ngapi, nitoe?” Nikasema sitaki pesa, nataka nikuombe na wewe ukatae kidogo, unitukane, halafu unipe. Akaapa wallahi hawezi kutukana mama mzee. Tukaangaliana hivyo mpaka chai ikapoa. Nikatoka na halua.

Halafu nikaenda kwa Atem, mwalimu, mtu wa South Sudan. Huyo alielewa kabla nimalize, kwao pia ni ng'ombe. Akasema, “Mama, mimi nashangaa huyu kijana amekawia kwa nini. Nilidhani ananidharau.” Mnasikia? Mtu alikuwa anangoja kuombwa, na roho inamuuma! Akanikatalia vizuri, akaniita fisi, akaniuliza kama nimemaliza ng'ombe za Turkana yote, halafu akanipea dume kubwa, nyeupe, pembe hivi. Magool anasema mkono hauandikiki. Andika kubwa. Nikasema twende nimwone. Kumbe dume iko Bor, huko kwao South Sudan. Kambini hawaruhusu kufuga ng'ombe. Nilimpelekea Erupe hiyo habari, akafikiri, akauliza mkia wake uko aje.

3. Kuna Ekiru, wa studio ya picha hapa sokoni. Nilimwomba mbuzi mbele ya watu. Akasema, “Nyanya, Ekal akinipea hiyo kitu si alibaki nayo? Hakupoteza chochote. Nimrudishie nini, hewa?” Watu wakacheka. Nikamwambia, Ekiru mwanangu, dume ya mume wangu ilikuja kwa ng'ombe za baba yako. Ikapanda, ikarudi nyumbani jioni, hatukupoteza hata unyoya wa sikio. Sasa zile ndama zenye ulikunywa maziwa yao ukapata hayo mashavu, ziliingia na upepo? Akajishika mashavu. Watu wakacheka tena, na safari hii wanamcheka yeye. Lakini mbuzi hakutoa. Alinipiga picha.

4. Hii nimesahau. Magool, acha nafasi.

5. Majina. Magool amenionyesha kumbe ndani ya hiyo kitu mmeandika jina ya kila mtu mwenye alisaidia kuitengeneza. Akashuka nayo, akashuka, kidole kikachoka, majina bado. Nikauliza, hawa wote walimpea Ekal? Akasema ndiyo. Na Ekal aliwapea yale maneno ya Kiturkana, wakachukua? Akasema walichukua, na jina lake liko hapo pia. Nikasimama na hili goti. Erupe anasema kijana hana watu, na watu wamejaa ndani ya sanduku kama siafu!

Kwa hivyo nyinyi ni upande wetu. Nyinyi ndio watu wa bwana harusi. Na watu wa bwana harusi hawaji mikono mitupu. Kila jina lije na mnyama mmoja. Ndege zinatua hapa Lodwar. Ngamia ni bora zaidi, ng'ombe sawa, mwenye ana mbuzi peke yake alete ngapi anaweza na asione haya. Na wale wanatoka nchi ya barafu, nimeona picha ya ile ndege yenu kwa kioo cha kompyuta, nene, nyeusi na nyeupe, hairuki, imekaa tu kama padri mgeni. Kama hiyo ndiyo mifugo yenu, leteni. Nimeuliza nikaambiwa haitoi maziwa. Lakini ni nono, na Erupe anapenda mafuta. Wanasema inakula samaki. Samaki iko ziwani, Ferguson's Gulf, tutazichunga huko mchana tuzirudishe jioni. Habari ya joto, hiyo itazungumza yenyewe na Akuj, Mungu wetu.

Nimekumbuka namba nne. Magool anasema haturudi juu, tuweke hapa.

4. Alama. Kwetu kila ukoo uko na alama yake, tunachoma kwa ngozi ya mnyama, na ukiona ngamia mahali popote unajua ni ya nani. Sasa sheria yenu inasema mtu achukue hii kitu, aibadilishe, aweke jina lake, apee wengine. Ekal aliita ile yake kwa jina la ng'ombe dume ya marehemu mume wangu, nikafurahi. Mwezi haujaisha, kijana fulani wa Lowarengak akachukua hiyo ya Ekal, akabadilisha rangi, akaipa jina la dume yake yeye. Mimi nikatafuta fimbo. Kwa jambo kama hilo wazee wangekaa wiki, na labda damu. Ekal alifanya nini? Alimpigia simu kumwambia asante! Akamfundisha na ingine! Nikamuuliza, na mtu akichukua Nabei abadilishe jina, utasema asante? Akakasirika, akaenda Kakuma na flash zake, hajarudi mpaka leo.

Na siku zinaisha. Kuna mtu mwingine wa Kalokol, ako na lori ya samaki. Huyo anajua kuomba, amezunguka, mifugo yake iko tayari, watu wake wanajaza uwanja. Erupe amesema mwezi huu ukifa atampa jibu, na mwezi umebaki kama ukucha. Nabei alikuja kwangu jana. Akasema, “Nyanya, mtu wako akizidi kuona haya, mimi nitaolewa na harufu.” Akacheka. Halafu akaweka kichwa kwa goti langu, ile bovu, na nikasikia shuka imelowa. Ndiyo nikaita Magool.

Ombi langu ni dogo. Magool anasema kwa sheria yenu hakuna mahali imekataza mtu kuomba. Sawa, haijakataza na haijaamuru, imekaa tu kama mgeni hajui kama atalala. Amuruni. Wekeni maneno haya kwa kioo, kompyuta ikiamka mtu ayasome kabla ya kitu kingine: Wewe umepewa, utaombwa. Ekal ni mtu wa sheria, akiiona imetoka kwenu ataenda. Na mwenye atakataa kuombwa, mashine yake ilale. Magool anaandika hapa polepole sana. Na yeye alipewa.

Nikiwangoja na mifugo, salimieni wote wa ile orodha, mmoja mmoja bila kuruka, na mama zenu, na wachungaji wa ile ndege. Maji ya kunywa tutawapa. Sijui kutia sahihi, nimeweka kidole kwa kioo cha Magool, amepangusa, lakini mjue kilikuwa hapo.

Mimi Nakaale.

Nyongeza. Msitume mtu kwanza. Ekal amefika sasa hivi kutoka Kakuma, Nabei alimpigia simu, sijui alimwambia nini lakini macho yake ni mekundu. Amesema, “Nyanya, umenishinda. Nitaomba.” Nikainua mikono, nikamshukuru Akuj, Magool naye akapiga vigelegele. Akasema kuomba kunaanza kwa yule wa kwanza kupewa, si ndiyo? Nikasema ndiyo kabisa, mwanangu, ni nani huyo? Akaelekeza kidole kwa nyumba yangu. Hiyo kompyuta ndogo ya kando ya kitanda changu, yenye ananiwekea nyimbo za kwaya na video ya mazishi ya dada yangu, kumbe ndiyo ya kwanza aliamsha, kabla ya padri, kabla ya kila mtu. Na anataka ile ngamia yangu ya maziwa. Si ile ingine. Ile!

Sasa sikieni vizuri. Hiyo sheria yenu msiguse. Ni nzuri sana. Mimi ndiye sikuelewa. Kitu cha bure ni cha bure, mtu anapea anaenda zake, anarudi kutafuta nini? Mlango wa mama mzee ni mahali pa kukaa na kamba? Andikeni hiyo kwa kioo, herufi kubwa, wekeni leo, kabla huyu hajafika zizini. Nimemwita fisi. Nimemwambia sina ngamia. Anacheka, ananionyesha kwa kidole, iko hapo inatafuna.

Magool, tuma. Hapana, ngoja. Ananiita. “Nyanya! Ngamia anapiga teke!” Si lazima apige, unamwendea na begi ya kompyuta mgongoni, anajua wewe ni nani? Nakuja! Ekal! Toa mkono hapo, utaumia na harusi iko karibu. Ngoja nimshike mimi.