Matangi Arobaini Ambayo Hayapo

Kwa Maalim Bare,
Meneja wa Ghala, Garissa.

Adeer, ami yangu mpendwa, na pia Bwana Meneja,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kama mteja aliyeumizwa, si kama mtoto wa ndugu yako, ingawa ukinionea huruma kwa sababu hiyo sitakataa.

Kama ujuavyo, nimetengeneza programu ya simu inayowaonyesha wenye maduka bidhaa zilizomo ghalani mwako. Programu yangu huiuliza kompyuta yako kupitia API, yaani mlango ambao programu hupitia kuulizana habari, kompyuta yako hujibu, na watu hupanga safari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne kompyuta yako ilisema kuna matangi ya maji arobaini. Mzee Ogle wa Mandera akaona, akakodi lori, akala vumbi siku mbili. Ghalani alimkuta mlinzi Bishar na paka. Matangi yote yalikuwa yameuzwa Ijumaa iliyotangulia.

2. Nimegundua kwamba kompyuta yako haichungulii ghalani kila inapoulizwa. Ina kache, yaani huweka jibu la zamani na kulirudia. Niliiuliza mara kumi. Mara kumi ikasema arobaini, tena haraka kuliko mwanzo. Hata dalali wa ngamia sokoni hutua kidogo kabla ya kudanganya!

3. Haisemi habari yake ni ya lini. Sisi tukikutana na mtu anayetoka kisimani, hatuulizi tu kama kuna maji. Tunauliza ametoka huko lini. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo.

4. Mzee Ogle ni babake Amino. Amino ndiye ninayetaka kumuoa, adeer, na nampenda mpaka nasahau kula. Sasa mzee anasema mtu mwenye habari zilizochacha hapewi binti. Jumamosi wazee wanaketi, na wewe ndiye msemaji wangu.

Kwa hivyo naomba kila jibu la kompyuta litaje saa lilipopatikana. Likishapita saa moja, kompyuta iseme haijui, na iseme kwa aibu. Isipoweza, ing'olewe, na API iunganishwe na simu ya Habibo anayeuza chai langoni pako. Hakuna gunia linalotoka hapo bila yeye kujua limeenda kwa nani na huyo mtu ameoa wapi. Anaweza kuwajibu watu sita kwa pamoja. Tayari anafanya hivyo bila kuulizwa.

Baadaye sheria ipanuliwe kaunti nzima: yeyote atakayetoa hesabu ya zamani kana kwamba ni ya leo, atozwe mbuzi. Asamehewe mgonjwa tu, na awe mgonjwa kweli. Nikifikiria Garissa itakavyokuwa, nacheka peke yangu kwa furaha.

Nisalimie mkeo Bi Sadia, watoto wote, Bishar, na paka, ambaye hakumdanganya mtu.

Mwanao katika kupigania ukweli,
Abdiqani, mtaa wa Waberi.

Tanbihi: Jumamosi Mzee Ogle atakuuliza nina ngamia wangapi. Tafadhali sema tisa, kama ulivyowahesabu mwenyewe mwaka juzi. Wamebaki wawili, saba niliwauza nikatengeneza programu. Na akikuuliza uliwahesabu lini, adeer, nakuomba kwa jina la Mungu, mwongezee nyama.