Kipande cha Kazi ya Kudumu

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Siku ya ishirini na nne kazini. Mimi, Paskali Mughwai, tarishi wa majaribio, Ofisi ya Nta, Singida mjini. Nafagia, napeleka barua, nachemsha chai ya Karani Simeoni. Ofisi nzima inanukia nta. Kila asubuhi nikifungua mlango namwona marehemu baba akirudi kutoka porini na kibuyu cha asali, nyuki wawili watatu bado wanamfuata. Machozi kidogo. Nasingizia vumbi.

Leo Karani amesema Bwana Mkubwa atapita wiki ijayo, siku haijulikani, na ataandika mtu mmoja katika kitabu cha kazi ya kudumu. Mmoja! Tuko wawili, mimi na Fabiano. Karani anasema natangulia mimi, kwa sababu barua zangu hufika. Nikamwuliza kwa heshima kazi ya kudumu inakwisha lini. Akasema haiishi. Nikauliza kipande chake kiko wapi. Akasema haina kipande.

Kazi isiyo na kipande! Mkonge nimekwenda mara mbili, miezi tisa na miezi tisa. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anakutilia alama kwenye kadi. Alama thelathini, kipande kimejaa, unalipwa, unapumzika siku mbili, unaanza kingine. Mtu alijua yuko wapi. Hapa niko wapi?

Lakini Yunisi kasema. Amenisubiri mikataba miwili, wa tatu hasubiri. Nikiandikwa kazi ya kudumu, baba yake atapokea posa. Nisipoandikwa, basi. Kwa hiyo nitadumu. Nimeamua.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata dawa! Nimekata kifuniko cha boksi la biskuti za Karani (lilikuwa tupu, au karibu na tupu), nikachora vyumba thelathini kwa rula. Nikatia alama ishirini na tano. Moyo ukatulia hapo hapo. Nimekitundika kwenye msumari juu ya mtungi wa maji, kama tulivyokuwa tukifanya kambini.

Fabiano akauliza ni kitu gani. Nikamjibu ni mambo ya wazoefu. Huyu katoka shule ya misheni moja kwa moja, mkonge hajauona, raha hazijui. Nikamweleza Kambi Namba Tano. Jioni zile! Maharage ya posho yanachemka, Wanyiramba wanaimba upande ule, sisi Wanyaturu upande huu, mpaka mnyapara mwenyewe anaingia kucheza. Hakuna mahali kama pale duniani.

Jioni nikamsimulia na mama, nyumbani Unyambwa. Akanikariria barua yangu ya mwaka 1951, ambayo katekista alimsomea mara nyingi mpaka imemkaa kichwani. Kwamba nakufa. Kwamba mwiba wa mkonge umeniingia gotini, maharage yana wadudu, na Wanyiramba wanapiga kelele hakulaliki. Nadhani katekista aliisoma vibaya.

Alhamisi, 5 Agosti

Bonifasi yuko mjini! Bonifasi wa Kambi Namba Tano, tuliyekuwa tukigawana naye sufuria moja. Sasa ni mwandikishaji wa manamba, vibarua wa mkataba wa mkonge, ana lori na rundo la mablanketi mekundu ya kuwagawia. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Yule mnyapara mwenye jino moja! Siku ile nguruwe pori alipoingia chooni, na mtu yumo! Bonifasi akasema lori linaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, miezi tisa, nafasi ipo. Nikamwambia mimi ni mtu wa kudumu sasa. Blanketi nililishika kidogo tu. Zito.

Hapo nikapata mbinu. Nikaenda kwa Karani, nikamwambia watu wa mkonge wananililia, kwa hiyo ni afadhali aniandike leo leo kabla sijachukuliwa. Akanitakia safari njema, hata kalamu hakuiweka chini. Nikalazimika kuomba radhi na kuchemsha chai mara mbili.

Ijumaa, 6 Agosti

Kipande bila sahihi si kipande. Nilimwomba Karani atie sahihi. Akasema niuondoe uchafu ule machoni pake. Nikauondoa. Alipokwenda kula nikaurudisha, nikachukua muhuri wa ofisi. Pa! Pa! Pa! Vyumba ishirini na nane, mihuri ishirini na minane, hakuna hata mmoja uliokwenda upande. Nilipogeuka Fabiano alikuwa amesimama mlangoni. Akasema ni kazi safi sana. Huenda nilimhukumu vibaya kijana wa watu.

Jumapili nitakwenda kwa kina Yunisi, Utemini, nimwambie bado kidogo tu.

Jumatatu, 9 Agosti

Thelathini! Muhuri wa mwisho nimeupiga saa kumi kasoro, Karani akiwa anapiga chafya. Kipande kimejaa. Miaka miwili sijasikia raha hii.

Jana Yunisi alifurahi kuniona. Alisema nimenenepa, na kwamba baba yake ameanza kuniita kwa jina badala ya kusema yule wa mkonge. Tulikaa nje ya nyumba yao tukimenya karanga. Akaniuliza kama kazi hii nitaivumilia kweli. Nikasema kabisa.

Jumanne, 10 Agosti

Miguu ilikataa barabara. Si kosa langu. Kipande kikijaa mtu hupumzika, mwili wangu umezoeshwa hivyo tangu mwaka 1950. Na Bwana Mkubwa atakuja Jumanne kweli? Wakubwa hawaji Jumanne.

Nikaenda porini kuona mizinga ya baba. Aliiacha sita, mitatu ina nyuki. Baba alikuwa anagonga mzinga kwa vidole, taratibu, anaweka sikio, halafu anaamua: huu tunalina, huu tunauachia msimu. Mimi nilikuwa nashika moto chini, moshi unaniingia machoni, naye ananiambia nisilie, nyuki wanasikia. Hakuwahi kuandikwa popote, mkataba wala kudumu. Hakuna aliyemtilia alama. Na siku zote alijua yuko wapi.

Nikagonga kama yeye. Wakavuma ndani. Nimemkumbuka sana leo, nimekaa chini ya mzinga ule mpaka jua likageuka. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatano, 11 Agosti

Bwana Mkubwa alikuja jana. Saa nne asubuhi!

Karani Simeoni kanieleza yote bila kuniangalia usoni. Kalamu ilikuwa tayari mkononi, jina langu ndilo lililosemwa. Bwana Mkubwa akauliza niko wapi. Karani akanitetea, akasema nina homa. Ndipo Fabiano alipokwenda msumarini akaleta kipande changu, kwa mikono miwili, kwa adabu. Bwana Mkubwa akakisoma mbele na nyuma. Siku thelathini kwa thelathini, na muhuri wa ofisi yake mwenyewe. Akasema kumbe huyu ni mtu wa mkataba, na mkataba wake umekwisha, mbona yeye hakuambiwa? Akamwandika Fabiano.

Mimi kaniandikia barua ya sifa. Kwamba hajaona kibarua asiyekosa hata siku moja.

Karani akasema angeweza kueleza, lakini angeelezaje kwamba muhuri wa Serikali ulikuwa mikononi mwa mchemsha chai? Kisha akasema alinitaka mimi. Nikaomba angalau nirudishiwe kipande. Haiwezekani. Kimewekwa kwenye faili.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimekwenda Utemini na barua ya sifa. Yunisi alikuwa anatia kuku kwenye tenga la kupeleka sokoni. Nikamsomea barua yote. Akauliza aliyeandikwa kazi ni nani. Nikasema Fabiano. Akacheka, halafu hakucheka tena.

Akaingia ndani akatoka na kamba ya katani, ile niliyomletea kutoka mkonge mara ya kwanza. Imejaa mafundo. Nikadhani imesokotana. Akasema nihesabu. Kumi na manane. Fundo moja kila mwezi niliokuwa sipo, miaka yote ile, na mimi sikujua. Akafungia tenga kwa kamba ile ile. Akasema imejaa, na yeye hafungi fundo jingine. Alisema polepole, bila hasira. Ningemwona ana hasira ningejua la kujibu.

Nikasema kuku wamenona.

Jumamosi, 14 Agosti. Mkiwa, njia panda

Lori limesimama, injini inapozwa. Tuko ishirini na watatu, kila mtu na blanketi lake jekundu. Langu linawasha. Bonifasi amekaa mbele na dereva, hanijui tena, ananiita namba kumi na saba.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa karanga. Akasema atamwambia katekista aweke miwani yake tayari.

Ofisi ile! Nani ataiona tena ofisi kama ile? Harufu ya nta asubuhi, mtungi wa maji baridi, Karani akipiga chafya tatu tatu. Na Fabiano, tulivyokuwa tukitaniana pale mlangoni, kijana mcheshi kuliko wote. Hakuna mahali kama pale duniani. Mkataba huu ukiisha, nitarudi moja kwa moja kuomba kazi ya kudumu. Sifa ninazo, tena kwa maandishi.

Kuhusu Yunisi nimefikiri vizuri njia nzima kutoka Singida. Alisema kamba imejaa. Basi tatizo ni kamba. Nimemwomba Bonifasi kadi moja tupu, nimechora vyumba tisa, kimoja kila mwezi, kwa rula. Juu nimeandika: Yunisi, Kipande cha Kusubiri. Kuna lori la chumvi linakwenda Singida, dereva amekubali kukifikisha Utemini leo hii. Chumba cha kwanza nimemtilia alama mimi mwenyewe, ili asione kazi ni kubwa.