Maadili ya Kocha Cyrus

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimepata maadili. Yamenijia ghafla, saa ya chai. Mkuu wa chuo chetu, Mama Sithebe, amerudi kutoka semina ya Sandton macho yakimng'aa. Ametangaza kwamba chuo kinatafuta Mkurugenzi wa Michezo, na cheo atapewa kocha anayeongoza kwa maadili, si kwa kelele. Kuna ofisi. Ofisi ina hita! Baridi hii ya Joburg, hita! Nimesimama mbele ya walimu wote nikasema mimi nimeongoza kwa maadili tangu nitoke Kisumu. Othmani, msaidizi wangu, mtu wa Tanga, ameendelea kupuliza chai yake. Maskini. Anachojua ni mpira tu.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna mazoezi. Wachezaji wamepaka rangi ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Maneno matatu makubwa: UKWELI. NIDHAMU. UNYENYEKEVU. Karibu na unyenyekevu nimebandika picha yangu. Ilikuwa ndogo, haionekani kutoka mlangoni. Nikachapisha nyingine. Sasa inaziba nusu ya neno, lakini maana imebaki.

Othmani ameuliza, kwa sauti yake ile ya upole inayoniudhi, kama kaka anakumbuka Jumamosi ni nusu fainali. Nimemjibu kwamba timu yenye maadili haihitaji kufundishwa kupiga kona.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya Nidhamu. Mazoezi saa kumi kamili, si kwa saa ya Kiafrika. Bahati mbaya robot zote za Jeppestown, yaani taa za barabarani, zilikuwa zimezimika, na kwenye foleni palikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, chenye chipsi moto. Nikachelewa kidogo. Nilipofika nilimkuta Placide, nahodha wetu, Mkongo wa Bukavu, beki ambaye hata mimi namwogopa, akifunga kamba za viatu. Nikamuuliza alifika saa ngapi. Akakiri: saa kumi na kitu. Nikamsimamisha papo hapo. Hachezi Jumamosi!

Akasema, "Lakini Kocha, mimi nimefika mbele yako."

Nikamwambia huo ndio utovu wa nidhamu wenyewe, kumpimia mkubwa muda.

Nyumbani, mtaa wa La Rochelle, nimemsimulia mke wangu. Lois ameuliza kama nidhamu hiyo itafika na kwenye bomba la jikoni, ambalo linavuja tangu Pasaka. Lois haelewi uongozi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wazo! Jumamosi Mama Sithebe atakuja uwanjani. Lazima aone Ukweli kwa macho yake. Nimemwita pembeni Suhaib, mshambuliaji wetu, kijana wa Unguja mwenye uso wa kuaminika. Mpango ni huu. Mpira ukitoka nje na refa akatupa sisi turushe, Suhaib ainue mkono aseme hapana, mimi ndiye niliyeugusa mwisho. Mama anapiga makofi. Mimi nainamisha kichwa. Hita.

Suhaib ameuliza, je, ikitokea jambo kubwa kuliko mpira wa kurusha? Nimemwambia asinivuruge. Mkweli ni mkweli. Asifikirie mengine.

Jumamosi, 16 Agosti

Eish.

Mechi ngumu, wapinzani wa Germiston wana miguu kama nguzo. Bila Placide, ulinzi wetu ulikuwa mlango usio na komeo. Kipa ametuokoa kwa kila kiungo cha mwili. Mpira wa kurusha tumepata mwingi, lakini kila mara Suhaib alikuwa upande wa pili wa uwanja. Nimempigia miluzi mpaka midomo ikafa ganzi.

Dakika za mwisho, bila bila, kona yetu. Suhaib akaruka. Mpira wavuni! Refa akapuliza: goli! Nimembusu Othmani. Fainali!

Halafu Suhaib akatembea polepole mpaka kwa refa. Akaonyesha mkono wake. Akasema, "Nimeunawa, refa."

Mama Sithebe akasimama, mkono kifuani, machozi yakimlenga. Nayaandika haya kwa sababu niliyaona kwa macho yangu. Niliyaona, na bado miguu ikaniingiza uwanjani yenyewe. Nilimshika refa shati. Nikapiga kelele, "Usimwamini! Mwongo huyo! Tangu nimjue hajawahi kusema kweli!"

Kadi nyekundu. Goli limefutwa.

Yaliyobaki nimeyaangalia nje ya uzio, nimesimama juu ya bakkie, pikapu ya mtu. Othmani amemwingiza Placide, ambaye kumbe hakuwahi kumwondoa kwenye orodha ya wachezaji wa akiba! Placide akaondoa mpira mmoja kwenye mstari wa goli. Mechi ikaisha bila bila, ikaja mikwaju ya penalti. Suhaib akafunga ya mwisho. Tumeshinda. Yaani wao wameshinda.

Jumapili, 17 Agosti

Lois amecheka mpaka akakaa chini. Amesema, "Ungenyamaza tu, Baba Fiona, hita ilikuwa yako."

Nimeenda kulala mchana.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwendea Mama Sithebe. Nimemweleza kwamba lilikuwa jaribio. Nilimwita Suhaib mwongo makusudi, kuupima ukweli wake chini ya shinikizo, na kijana amefaulu, kwa hiyo nimefaulu. Akanisikiliza vizuri sana. Akauliza, "Cyrus, hilo unalosema ni kweli?" Nikaweka mkono moyoni. Kweli tupu.

Othmani ndiye Mkurugenzi wa Michezo na kocha mkuu. Mimi msaidizi wake, kama yeye atakubali. Amekubali bila hata kufikiri, nyoka yule. Sharti lake moja: nisiongee na wachezaji kabla ya mechi.

Jumatano, 20 Agosti

Hakusema nisiongee na kipa baada ya mazoezi. Nimemweka chini, nimemfundisha Ukweli kutoka mwanzo. Nimemwambia kwamba kiongozi wa kweli haogopi kusema, kwa hiyo siku ya fainali aende kwa Mama Sithebe, amtazame usoni, aseme wazi kwamba Othmani hulala mazoezini.

Kipa ameniuliza, kwani Othmani hulala?

Vijana hawa! Sijui nitawafundisha maadili mpaka lini.